Ufa na Ukuta: Uhakiki wa Namna Tunavyoyakinga Majengo ya Mwambao na Unyevu

Kila mwanafunzi wa Kiswahili amefundishwa methali isemayo "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Mwalimu huifafanua kuwa ni onyo kwa mtu anayepuuza kasoro ndogo hadi ikawa kubwa, na wanafunzi huitolea mifano ya deni lisilolipwa, ugonjwa usiotibiwa, au ugomvi usiosuluhishwa mapema. Ufafanuzi huo ni sahihi, lakini umeisahau nusu ya methali. Kabla ya kuwa fumbo la maadili, maneno hayo yana maana yake ya wazi, nayo ni maana ya kiuashi: katika nchi ya mvua nzito na hewa ya chumvi, ukuta huanza kuanguka siku maji yanapopata pa kuingilia, hata kama utasimama miaka mingi baadaye.

Katika makala haya tunakusudia kuirudisha methali hiyo ukutani. Tunauliza kama namna tunavyoyakinga majengo yetu ya mwambao, hasa yale makubwa yanayokaliwa na jamaa nyingi au kutumiwa kwa biashara, inatokana na kuyaelewa maji au inatokana na kuyaogopa tu. Jibu letu ni kwamba juhudi nyingi zimepotea kwa sababu ya kulisoma vibaya neno moja. Methali imeagiza kuziba ufa. Haikuagiza kuziba ukuta. Mtu azibaye ufa anajua maji yanapoingilia. Mtu azibaye ukuta mzima hajui, naye aghalabu huyafungia maji ndani pamoja na mali yake.

Huenda baadhi ya wasomaji wakashangaa kuliona suala la unyevu katika mkusanyiko wa insha za utamaduni wa taifa. Hata hivyo, hatuoni sababu ya kuhakiki utenzi na ngoma tukaiacha nyumba. Jengo nalo ni kazi ya sanaa, lina mapokeo yake, mabingwa wake na msamiati wake, ila sanaa hii ina sharti moja zaidi: hairuhusiwi kuvuja.

Maji yatokako

Hapana budi tuanze na maji yenyewe, kwa maana mhakiki asiyejua chanzo cha kosa hawezi kulisahihisha. Maji huufikia ukuta kwa njia nne. Njia ya kwanza ni mvua, ambayo hupita paani, hupigwa na upepo kwenye uso wa ukuta, na hurukia chini ya ukuta ikitoka ardhini. Njia ya pili ni udongo, ambao hubaki na majimaji muda mrefu baada ya mvua kwisha. Ya tatu ni hewa ya bahari, ichukuayo unyevu na chumvi. Ya nne ni sisi wenyewe: mabomba yetu, bafu zetu, vyoo vyetu na matangi yetu ya juu.

Njia inayowatatiza watu zaidi ni ya pili, kwa kuwa inakwenda kinyume na mazoea. Tumezoea kuyaona maji yakishuka, lakini ukutani hupanda. Kinachotokea humo ndicho kitokeacho katika utambi wa taa, ambao huchovywa katika mafuta upande wa chini, nao huyavuta mpaka juu pasipo mtu kuyasukuma. Jiwe la matumbawe, tofali la saruji, na hata zege lililochanganywa ovyo, vyote vina vinyweleo vyembamba visivyoonekana kwa jicho, na kadiri vinyweleo vilivyo vyembamba ndivyo maji yawezavyo kupanda juu zaidi. Doa jeusi tunaloliona chini ya kuta nyingi, likiishia kwenye kiuno au kifua cha mtu, ni mizani ya asili: chini ya ukingo wake maji hufika upesi kuliko upepo unavyoyachukua, na juu yake upepo umeshinda.

Maji hayo hayaji peke yake. Huyeyusha chumvi ya udongo na ya bahari, huipandisha ukutani, kisha hukauka na kuiacha. Chumvi iliyoachwa huganda kuwa chembe, na chembe hizo zikikua ndani ya vinyweleo husukuma kwa nguvu mpaka lipu ikawa unga. Zaidi ya hayo, chumvi ya kawaida huanza kunywa maji kutoka hewani pindi unyevu wa hewa unapozidi takriban asilimia 75, hali ambayo ni ya kawaida katika mwambao wetu. Kila mpishi wa pwani anajua jinsi chumvi inavyolowa katika kibakuli wakati wa masika. Ukuta ulioshiba chumvi hufanya vivyo hivyo. Hulowa hata siku ambayo hakuna tone la mvua lililoanguka. Kwa hiyo, tendo la kukwangua lipu iliyolowa na kupiga nyingine mahali pake, bila kuishughulikia chumvi wala njia iliyoileta, ni sawa na kubadilisha bendeji na kukiacha kidonda.

Ukuta wa chokaa

Waashi wa zamani wa mwambao hawakuwa na maabara, lakini kuta zao ni ushahidi kwamba walikuwa na nadharia. Magofu ya Kilwa Kisiwani, ambako Husuni Kubwa ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14, na nyumba za Lamu na za Mji Mkongwe wa Unguja, zote zina asili moja: mawe ya matumbawe, chokaa, udongo mwekundu, na boriti za mikoko. Kuta ni nene, aghalabu nusu mita au zaidi. Chokaa yenyewe ilipatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe katika tanuu la magogo, kisha ikazimwa kwa maji na kuachwa ilainike. Ikishapigwa ukutani huirudia polepole hali ya jiwe kwa kuvuta kutoka hewani ile ile hewa ya ukaa iliyotolewa na moto. Kwa hakika chokaa ni jiwe lililochomwa likawa unga, kisha likarudi kuwa jiwe.

Sifa yake kubwa katika suala letu ni kwamba hupitisha mvuke. Ukuta wa chokaa haukatai maji. Huyapokea kidogo na kuyarudisha hewani. Lipu yake ni laini kuliko mawe iliyoyafunika, na ulaini huo si udhaifu. Chumvi inapokuja kuganda, huganda katika lipu na kuiharibu lipu, na mawe yaliyobeba nyumba husalimika. Lipu ya chokaa ni kanzu ya ukuta: huchakaa ili mwili usichakae, na kanzu ikichakaa hushonwa nyingine.

Tukiitazama nyumba hiyo kwa jicho la maji, tutaona kwamba mambo mengi tuliyozoea kuyaita mapambo au desturi yana kazi nyingine. Milizamu inayochomoza kwenye kingo za mapaa huyatupa maji mbali na ukuta. Baraza, ambayo wataalamu wetu wa utamaduni wameiandikia sana kuwa ni mahali pa mazungumzo na ukarimu, huulinda pia mguu wa ukuta usirukiwe na matone, na masika yanapofurisha vichochoro vya Mji Mkongwe huwa njia ya kupitia wenye miguu. Hata desturi ya kuipaka nyumba chokaa sikukuu ikikaribia ilikuwa zaidi ya urembo. Mtu apakaye chokaa huupapasa ukuta wote kwa mkono na kuukagua wote kwa jicho, na kila ufa mwembamba hupata dawa yake kabla haujafika masika. Ukaguzi wa jengo, ambao leo tunauandikia mikataba, ulikuwa umefungwa ndani ya kalenda ya furaha.

Hatusemi hayo ili kuwatukuza wahenga kupita kiasi. Chokaa isiyotunzwa hufa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yaliwekwa mwaka 2004 katika orodha ya urithi ulio hatarini, yakakaa humo mpaka mwaka 2014, na miongoni mwa maadui wake wakuu walikuwa mawimbi na maji ya mvua. Ukuta usio na paa wala mpaka chokaa hauwezi kupumzika baada ya kulowa. Mapokeo hayo yalidumu kwa sababu ya watu waliorudi kila mwaka, na wala si kwa sababu ya mawe matupu.

Saruji juu ya chokaa

Saruji ya kisasa ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824 na Joseph Aspdin. Katika Afrika ya Mashariki ilienea zaidi baada ya viwanda kujengwa karibu nasi: kile cha Bamburi, Mombasa, kilichoanza uzalishaji mwaka 1954, na kile cha Wazo Hill, Dar es Salaam, mwaka 1966. Hatuna ugomvi na saruji. Imejenga shule, zahanati na madaraja, nayo hukauka upesi na kubeba mizigo ambayo chokaa haiwezi. Ugomvi wetu ni na hadhi tuliyoipa. Katika lugha ya kila siku na katika fomu za maofisini tukaanza kusema "nyumba ya kudumu" tukimaanisha nyumba ya saruji, kana kwamba nyumba ya mawe na chokaa iliyowahifadhi watu kwa vizazi vingi ilikuwa ya kupita tu. Neno likishakuwa sifa, mkono hufuata. Watu wakaanza kuifunika chokaa kwa saruji, wakiamini kwamba wanaipandisha daraja.

Kinachofuata hapo ni somo la fizikia. Lipu ya saruji ni ngumu na nzito kuliko ukuta wa chokaa ulio chini yake. Ukuta wa zamani hucheza kidogo kwa joto na kwa mzigo. Lipu ngumu haichezi, basi hupasuka. Mvua huingia katika nyufa hizo nyembamba, lakini haiwezi kutoka kwa urahisi, maana sehemu iliyobaki imefungwa. Rangi ya plastiki ikiongezwa juu yake, mlango wa mwisho wa mvuke nao hufungwa. Maji yaliyokuwa yakikaukia kwenye usawa wa goti hupanda mpaka kifuani yakitafuta pa kutokea, na chumvi huganda nyuma ya lipu, hapo hapo inaposhikana na jiwe. Mwishowe lipu huanguka vipande vipande ikiwa imebeba ngozi ya ukuta. Mwenye nyumba husema saruji ilikuwa mbovu, hununua iliyo bora zaidi, na huongeza unene. Wengine hubandika vigae sehemu ya chini ili doa lisionekane. Doa hutokea juu ya vigae mwaka unaofuata.

Hiyo ndiyo maana ya kauli yetu kwamba ukuta umezibwa na ufa umeachwa. Ufa, katika mfano huu, ulikuwa mlizamu uliovunjika, bomba la jirani linalovuja, au kichochoro kilichoinuliwa kwa kifusi mpaka kikapita kimo cha sakafu ya ndani. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachotibiwa kwa lipu.

Mfano mkubwa wa kile kinachoweza kupotea tunao. Beit al-Ajaib, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilichanganya asili kadhaa katika mwili mmoja: kuta za mawe ya matumbawe, nguzo za chuma, na sakafu zilizobebwa na mihimili ya chuma. Lilinusurika mizinga ya Waingereza ya mwaka 1896. Mwaka 2012 sehemu yake moja ilianguka, na tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi za ukarabati zikiendelea, sehemu kubwa ya jengo iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo la namna hiyo haliwezi kutibiwa kwa dawa moja, kwa kuwa kinachoufaa ukuta wake huenda kikaidhuru nguzo yake. Mkarabati wake hana budi kuwa msomaji kwanza, aisome kila sehemu kwa kanuni zake, na asome kwa haraka inayolingana na hatari.

Mfano mwingine unatutia moyo. Zahanati ya zamani iliyo mbele ya bandari ya Unguja, ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa na Tharia Topan mwaka 1887, ilikarabatiwa katika miaka ya 1990 chini ya mfuko wa utamaduni wa Aga Khan, na kazi hiyo ikawa pia darasa la mafundi. Tunajifunza kwamba maarifa ya chokaa hayajafa, yanasubiri wanafunzi.

Ghorofa la zege

Sasa tunageukia upande wa pili, kwa sababu uhakiki unaoishia katika kusifu ya kale ni uhakiki wa nusu. Hakuna mwashi wa chokaa awezaye kutujengea ghorofa kumi. Shirika la Nyumba la Taifa lilipoanzishwa mwaka 1962, na maghorofa marefu ya Michenzani yalipoinuka Unguja katika miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, haja iliyokuwapo ilikuwa ya kuwapatia makazi watu wengi, na chombo cha kuitimizia haja hiyo kilikuwa zege. Wale wanaotamani ghorofa "lipumue" kama nyumba ya chokaa wanafanya kosa lile lile la wanaoipaka chokaa saruji: wanakitumikisha kitu kwa sheria ya kitu kingine.

Zege la kisasa limebeba nondo, na adui wa nondo ni kutu. Zege zuri huilinda nondo kwa ukali wake wa asili, kama chokaa ilivyo kali kwa ngozi ya mkono. Lakini chumvi ya bahari ikipenya mpaka kwenye chuma, ulinzi huo huvunjika. Kutu huchukua nafasi mara kadhaa zaidi ya chuma kilichoizaa; basi husukuma, zege hupasuka kufuata mstari wa nondo, na maji zaidi huingia. Hapa methali yetu inatimia neno kwa neno, na kwa ukali kuliko katika nyumba ya chokaa, maana lipu ya chokaa huharibika hadharani, ilhali nondo huoza sirini.

Kinga yake ni ya kanuni chache ambazo mafundi wazuri wanazijua na wasimamizi wabaya huzipuuza. Kwanza, nondo ifunikwe na zege la kutosha: kando ya bahari aghalabu milimita 50, na milimita 75 pale zege linapomwagwa moja kwa moja juu ya udongo. Pili, mchanga wa ufukweni wenye chumvi usitumike. Tatu, maji ya kuchanganyia yasizidishwe kwa ajili ya kurahisisha kazi ya koleo, kwa kuwa kila tone la ziada likikauka huacha kinyweleo. Nne, zege lililomwagwa limwagiliwe maji kwa siku saba au zaidi. Wanafunzi wengi huona ajabu katika kanuni hiyo ya nne, nasi twaweza kuwaeleza hivi: zege hunyweshwa maji likiwa changa ili lisinywe maji likiwa kubwa.

Kwenye mguu wa jengo ndipo tunapokubali kuziba kwa ukamilifu. Kati ya msingi na ukuta huwekwa tabaka la kukinga unyevu, ambalo mafundi hulitaja kwa herufi DPC, la lami au la nailoni nzito, lisilopungua milimita 150 juu ya ardhi ya nje. Tabaka hilo huukata utambi tuliousema. Ni kazi ya gharama ndogo ambayo ikikosewa hairekebishiki kwa gharama ndogo. Lakini hata likiwekwa vema, mara nyingi huharibiwa na waliokuja baadaye: mpiga lipu huishusha lipu ya nje mpaka ardhini na kulijengea unyevu daraja la kuvukia, au mwenye nyumba hujaza kifusi na kusakafia ua mpaka ardhi ikapita kimo cha tabaka. Maji hayajali nia njema ya mhandisi. Hupita palipo na njia.

Katika majengo ya biashara ya miji yetu ya pwani kuna jambo jingine, nalo ni vyumba vya chini ya ardhi vya maghala na maegesho ya magari. Humo maji hayapandi kwa utambi tu, husukuma. Kila mita moja ya kina ndani ya maji ya ardhini huongeza msukumo wa takriban tani moja kwa kila mita ya mraba. Ukuta uliozama mita tatu hubeba mguuni mwake msukumo wa tani tatu kwa kila mita ya mraba, mchana na usiku, na sakafu yake husukumwa kuelekea juu. Wahandisi hukabiliana na hali hiyo kwa njia tatu: kuuvika ukuta utando usiopitisha maji, kulitengeneza zege lenyewe liwe la kuzuia maji, au kuyakubali maji machache yaingie katika uwazi uliotengwa na kuyatoa kwa mfereji na pampu. Majengo yaliyofikiriwa vema huunganisha njia mbili. Na mahali penye hatari zaidi ni maungio, pale zege la leo linapokutana na la jana, au bomba linapotoboa ukuta. Kupaka dawa upande wa ndani baada ya maji kuonekana ni kuyaomba yasisukume. Yanabandua rangi, kwa sababu yanatoka nyuma yake.

Nyumba ya wengi

Hata hivyo, kama tungeishia katika lami na nondo, tungekuwa tumeandika mwongozo wa ufundi na kuuacha utamaduni mlangoni. Swali gumu zaidi ni la watu. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilijengwa kwa ajili ya ukoo mmoja. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, nyingi zilichukuliwa na serikali na kugawiwa kwa jamaa kadhaa waliohitaji makazi. Palipokuwa na jiko moja pakawa na majiko manne, na mabomba yakapitishwa katika kuta ambazo hazikuwa na mazoea nayo. Kuundwa kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe mwaka 1985, na kuingizwa kwa mji huo katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, kumeleta sheria na macho ya kuangalia, lakini paa la nyumba ya jamaa sita bado lina swali lile lile: nani atapanda kulizibua?

Swali hilo halikubaki Unguja. Katika maghorofa mapya ya Dar es Salaam na Mombasa, bomba likivuja ghorofa ya tatu, dari inayoloa ni ya ghorofa ya pili. Wa juu haoni hasara, wa chini hana ufunguo, na mwenye duka la chini kabisa hupaka rangi upya kila msimu. Watu wa pwani husema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Katika nyumba ya wengi balaa ni kubwa zaidi, kwa kuwa mara nyingi hakuna nahodha hata mmoja. Tanzania Bara ilipitisha mwaka 2008 sheria ya umiliki wa sehemu za majengo, na Zanzibar ikapata yake mwaka 2010. Zote mbili zinatambua kwamba paa, ngazi na kuta za nje ni za pamoja. Sheria hizo ni msingi mzuri, lakini msingi si nyumba. Mfuko wa matengenezo usiochangiwa, na mkutano wa wakazi usiohudhuriwa, havizuii tone hata moja.

Tunaamini kwamba hapa ndipo utamaduni unapokuwa na neno. Jamii zetu zilijua ujima na msaragambo, na zilijua kuufunga wajibu mzito ndani ya sikukuu ili usisahaulike. Ghorofa la leo linahitaji kalenda kama hiyo: siku moja kabla ya masika ambapo wakazi wote hupanda paani, huzibua milizamu, hukagua tangi, na kuandika kila ufa walioukuta na jina la aliyekabidhiwa kuuziba. Pasipo siku hiyo, dawa bora kabisa inayouzwa dukani itakuwa lipu nyingine juu ya chumvi ya zamani. Na gharama yake si ya rangi tu. Chumba chenye ukungu huwasumbua watoto wenye pumu, na mpangaji maskini ndiye asiyeweza kuhama.

Hitimisho

Tumeonesha kwamba ukuta wa chokaa na ghorofa la zege vina kanuni tofauti. Wa kwanza hukingwa kwa kuachiwa njia ya kukauka, na la pili hukingwa kwa kuzuiwa lisinywe maji tangu msingini. Anayechanganya kanuni hizo huviharibu vyote viwili. Lakini juu ya kanuni hizo mbili ipo moja inayozitawala: jua maji yanapotoka, yazuie pale pale, na yape njia ya kuondoka. Kuziba kabla ya kujua ni kuficha.

Walimu wanaweza kulifanya jambo hili kuwa somo bila kutumia fedha yoyote. Wawatoe wanafunzi nje mwishoni mwa kiangazi, wausome ukuta mmoja wa shule kama wanavyosoma beti, na wachore kwa chaki ukingo wa doa la unyevu pamoja na tarehe. Waulize ni njia ipi kati ya zile nne iliyolileta. Wawaulize mafundi wazee wa mtaani maana ya tanuu, niru, lipu na mlizamu, na wayaandike majibu yao, kwa kuwa maneno hayo yanaondoka pamoja na kazi zilizoyazaa. Kisha kila mwanafunzi aandike hukumu yake: ufa uko wapi, na nani anapaswa kuuziba?

Karatasi hizo zihifadhiwe kabatini mpaka Juni. Masika yatakuwa yamezisahihisha.